Dole Gumba la Baba

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa nikiwapelekea mbuzi majani. Alhamisi hiyo, hapa kwetu Bugendana, Burundi, sikugusa hata jani moja. Raissa, muuguzi mzaliwa wa Muyinga, alikuwa amekaa uani kwetu na karatasi niliyoirudisha kituo cha afya jana yake.

Karatasi ile ilihusu dawa mpya ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kwa watoto. Mzazi alitakiwa kukubali kwa dole gumba. Baba alikataa, hakutaka hata nimsomee. Kambini Tanzania, tulikokuwa wakimbizi, aliwahi kutia dole kwenye karatasi ambayo hakusomewa, kumbe amekubali turudishwe Burundi wiki ileile.

"Mwanangu si panya wa kujaribia," alisema.

"Hata dawa tunazomeza leo zilianza kwa mtoto wa mtu," mama alimjibu. Wakabishana hadi ugali ukapoa.

Mimi nilikuwa nimechoka kukosa mitihani kwa homa. Nikapaka wino wa kalamu kwenye dole langu, nikaligandamiza penye jina la baba. Nikajiona mjanja kweli!

Sasa Raissa alimwonyesha baba karatasi. "Papa Jeska, mbele ya kumupa mtoto dawa, tunapita kuuliza wazazi. Hii kidole ni yako?"

Baba aliweka dole lake kando ya alama ile. Lake lilikuwa pana, lenye kovu la panga. Alama ilikuwa ndogo, haina kovu.

"Jeska," alisema taratibu, "tangu lini wewe ni mimi?"

Niliangua kilio, nikakiri yote.

"Na hii wiki amekunywa dawa ingine?" Raissa aliuliza.

Mama alishika kinywa. "Jumanne nilimpa vidonge vya malaria, vya sokoni."

"Mungu wangu! Tungemupa yetu juu ya hiyo, moyo yake ingeweza kusimama!"

Baba alinivuta karibu naye.

Raissa aliichana karatasi ile, akatoa nyingine isiyotiwa dole. Baba akamwomba aisome yote, hata pale paliposema mzazi anaweza kumtoa mtoto siku yoyote.

"Hilo sikulijua," baba alikiri. "Rudi mwezi ujao, vidonge vya sokoni vikishamtoka mwilini. Nitaamua nikiwa nimesikia."

Kisha akaushika mkono wangu. Wino ulikuwa bado haujatoka.

"Dole langu si wino tu, mwanangu. Lina yale tunayoyajua mimi na mama yako juu yako. Ukiliiba, unabaki bila mlinzi. Mwezi ujao wewe utasema kwa kinywa chako, nami nitajibu kwa dole langu."