Nani Analala Mchana

"Mkizima AC mchana mnamuua mume wangu," Sikujua alisema. "Semeni tu kwamba mnataka nimzike huku ugenini."

"Hakuna anayemuua mtu," Khalfan alijibu. "Tunazungumzia umeme, shemeji. Umeme tu."

Khalfan ndiye mwenye mkataba wa ile fleti ya Al Qusais, kwa hiyo wenye jengo walimletea yeye habari: kuna mpango mpya wa umeme. Usiku bei inashuka, mchana inapanda kwelikweli. Mita ni moja kwa fleti nzima, basi ama wakubali wote, ama wabaki na bei ya zamani. Jibu lilitakiwa kesho yake jioni. Na ilikuwa Julai, jamani, Julai ya Dubai, ukifungua dirisha unaoka.

"Mi naona ni poa," alisema Naftali, Mkenya wa chumba cha kati, anayepeleka watu chakula kwa pikipiki. "Mchana hakuna msee anatumia AC kwa nyumba. Tunapika usiku, tunafua usiku, mchana tunazima kila kitu. Bili inashuka."

"Gervas yupo mchana."

"Ni yeye peke yake, sista."

"Ndiyo, peke yake. Na ni mume wangu."

Gervas alikuwa mlinzi wa usiku kwenye jengo moja kule Marina. Asubuhi alirudi wakati Sikujua anavaa viatu aende ghalani kufunga mizigo, jioni akaondoka wakati Sikujua ndiyo kwanza anavivua. Ndoa yao ilikuwa ya mlangoni. Umekula? Nimekula. Haya, kazi njema. Kitanda kimoja walikilalia kwa zamu, na Sikujua alijifariji kwa hilo, kwamba usiku analala alipolala mumewe.

Simu ikatoa mlio. Ni ujumbe wa Gervas, kutoka kazini.

"Mke wangu, nitetee kwa hao. Bila AC mchana mimi sina maisha. Nakupenda."

Hilo neno la mwisho likammaliza. Alikuwa hajaambiwa siku nyingi. Akashuka kwenye kochi, akapiga magoti mbele ya wenzake.

"Nawaomba. Nguo zangu nitafua kwa mkono. Jiko mchana sitaligusa. Niachieni hiyo AC moja tu, mume wangu alale."

"Sista, inuka bana," Naftali alisema, haya imemshika.

Kawthar, mkewe Khalfan, mtu wa Unguja, alikuwa hajatia neno jioni nzima. Yeye AC hapatani nayo, inamtonesha magoti, kutwa anashinda sebuleni na feni yake. Akainuka, akamshika Sikujua mkono.

"Njoo jikoni."

Akarudishia mlango.

"Shoga, mumeo anakwambia mchana analala wapi?"

"Chumbani. Wapi tena?"

"AC yenu ile mbovu, ikiwaka ukuta mzima unatetema. Mie niko hapo sebuleni kutwa. Sijaisikia mchana tangu Ramadhani."

Sikujua akauachia mkono wa Kawthar.

"Ukishatoka wewe, anaoga, anatia manukato, huyoo. Jioni anarudi kabla yako, anaingia chumbani, anavuruga kitanda."

"Anavuruga kitanda?"

"Anavuta shuka, anaugonga mto. Ili ukija uone kimelaliwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Nyumba ya watu wengi hii, kila mtu na mlango wake. Lakini leo umepiga magoti mbele ya mume wangu kwa ajili yake. Nimeshindwa kunyamaza."

"Muongo wewe," Sikujua alisema. "Unanionea wivu, dada Kawthar. Huna haya."

Kawthar hakujibu. Angejibu, wangegombana, na ugomvi ungemsaidia Sikujua. Kile kimya ndicho kilichomkosesha usingizi.

Kesho yake mchana akamwongopea msimamizi kwamba tumbo linamkata, akatoka ghalani, akaenda nyumbani mbiombio kwenye jua lile. Njia nzima akimwomba Mungu amkute Gervas amelala, hata akiwa anakoroma, hata akiamka na kumgombeza.

Akafungua mlango wa chumba. Joto likamlaki. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, vilevile alivyokiacha asubuhi.

Akakaa ukingoni, akapiga simu.

"Haloo," Gervas aliitika kwa sauti ya usingizi. "Mama, si unajua nimelala?"

"Nisamehe mume wangu. Uko wapi?"

"Si hapa kitandani kwetu. Swali gani hilo?"

"AC inafanya kazi?"

"Inapuliza vizuri. Nimejifunika hadi blanketi."

Jasho lilikuwa linamtoka Sikujua kidevuni na kudondokea kwenye shuka. Nyuma ya sauti ya mumewe cherehani kilikuwa kikienda, kikasimama. Halafu mwanamke akasema, taratibu kabisa, kwa mapenzi:

"Nikupunguzie AC, baba? Naona unakohoa."

Simu ikakatwa.

Sauti ile aliijua. Ni Shakira, fundi wake wa cherehani, mtaa wa Satwa. Na Sikujua ndiye aliyemtuma Gervas kwake na kitenge akashonewe gauni. Gauni likaja linabana kifuani. Likarudi. Likaja na mikono mifupi. Likarudi tena. Kila mara Gervas ndiye aliyesema, "Lete nilipeleke kwa fundi," na Sikujua akamshukuru, akawasimulia mpaka wenzake wa ghalani, mume gani huyu anayehangaikia nguo ya mkewe hivi.

Ujumbe ukaingia.

"Usije ukafikiria vingine. Hiyo ni TV ya Kawthar imepiga kelele."

Sebuleni TV ilikuwa imezimwa. Kawthar alikuwa ameketi na feni yake, macho chini.

Sikujua akalia mpaka vidole vikafa ganzi. Akafikiria kwenda Satwa. Akafikiria kumpigia mama yake. Akafikiria pia kunyamaza, ajifanye hakusikia kitu, aendelee kukuta kitanda kimevurugwa na kuamini. Hilo la kunyamaza ndilo alilolifikiria kwa muda mrefu kuliko yote, maana alimpenda yule mwanamume, na kumpenda kulikuwa hakujakwisha.

Mwishowe Sikujua akatoka, akarudi saa ile ya kila siku. Jioni hiyo Gervas alichelewa kwenda zamu kwa ajili ya kikao. Alikuwa ndani ya sare, amenyoa, akamkazia Sikujua macho kutafuta alama. Sikujua akamtengea chai kama kawaida. Gervas akapumua.

"Haya, tumalize," Khalfan alisema.

"Ndugu zangu," Gervas akaanza, "mimi mchana ndiyo usiku wangu. Mkinizimia AC kwa joto hili, mtu mzima nitalala wapi?"

Naftali akajikuna kichwa.

"Hiyo ni ukweli bro. Hata mi nimefikiria usiku kucha vile sista aliomba. Tuachane na hii maneno."

"Basi nawajibu kwamba tumekataa," Khalfan alisema, akachukua simu.

"Wajibu tumekubali," Sikujua alisema.

Wote wakamgeukia.

"Shemeji, si jana wewe ndiye…"

"Chumbani kwangu mchana hakuna mtu."

Gervas akaweka kikombe chini.

"Mke wangu, unasema nini? Nitalala wapi?"

Sikujua akaingia chumbani, akatoka na begi la Gervas, alilolifunga mchana na kulificha uvunguni. Juu yake kulikuwa na gauni la kitenge, limekunjwa vizuri.

"Lala huko unakopunguziwa AC ukikohoa. Na gauni hili mrudishie fundi wako. Bado linanibana."

Naftali alitazama viatu vyake.

"Sikujua," Gervas alisema. "Sikujua, nisikilize. Sikujua…"

"Mimi ndiye Sikujua," alimjibu. "Wewe ulijua."

Gervas akachukua begi.

Usiku ule AC ilinguruma kwa bei nafuu, ukuta ukatetema, na Sikujua akalala upande wake wa kitanda, ule mwingine akauacha. Asubuhi akatandika, akazima AC, akaenda ghalani.

Jioni aliporudi, alikikuta kitanda vilevile alivyokiacha. Akakaa ukingoni kuvua viatu, akalia.