Peremende ya Doreen

Rafiki yangu Kwamboka alimtunza ajuza wa Kizungu, Doreen, hapa Birmingham. Kila siku Doreen aliomba apelekwe baharini, na mvivu huyo akamjibu, "Kesho, nyanya." Kiswahili chote alichokijua ajuza kilikuwa hicho, akafa nacho.

Kaburi halijakauka, Kwamboka akaenda baharini na akina mama wa kanisa. Akapanda punda wa ufukweni, akanunua ile peremende ndefu ya kijiti wauzayo pwani, ambayo popote ukiiuma unakuta jina la mji limeandikwa ndani, mwanzo hadi mwisho.

Jioni akanipigia simu. "Dada, humu ndani wameandika KESHO!"

"Itupe, mlafi wewe."

Nikasikia akiiuma, ka! "Bado KESHO." Kisha akaniambia taa za chumbani zimezimika. Ka!

"Dada, sijauma mimi."

Taa ziliporudi, alinisomea kipande kilichobaki: LEO.