Njia ya Kifauongo

Wewe umewahi kuogopwa na jani? Usicheke. Yalimpata rafiki yangu Ndila, mwaka ule wa uhuru, alipohamia Shimba Hills kutoka Machakos. Mimi nilisomea mimea Makerere, na mpaka leo sina la kumwambia.

Mchana mmoja wa kiangazi alitoka kuwatafutia mbuzi wake majani. Mabichi yalibaki kwenye kaya tu, msitu ambao wenyeji hawakati hata kijiti. Akaingia na panga. Ndani kulikuwa giza saa nane ya mchana, na alipokata tawi la kwanza, nyenze wote walinyamaza kwa pamoja.

Kesho yake wazee waliona tawi limekatwa, wakamshuku jirani wa Ndila, Mbodze, mjane, aliyeonekana karibu na hapo akiokota kuni. Wakamwita aje kujitetea, la sivyo ahame kijiji. Ndila akamsindikiza.

"Dada, hukumwona mtu huko jana?" Mbodze akamuuliza njiani.

"Mimi mtu wa bara, nikafuate nini kwenye miti yenu?"

Njia ilikuwa imejaa kifauongo, kile kimea kinachojikunja kikiguswa. Mbodze alikanyaga, kikajikunja chini ya nyayo zake, basi. Lakini mbele ya Ndila kilijikunja kabla hajafika, hatua kumi, ishirini, kwa mchakacho mdogo kama wa karatasi, hadi miguuni pa wazee waliokaa wakingoja.

Mbodze akageuka. "Dada, mbona majani yanakukimbia?"

"Ni mimi," Ndila akasema, na wazee wakasikia. "Nilikata mimi, nikakuacha ulaumiwe wewe."