Finjani Mbili za Rawiri

Rawiri, msimamizi wa ujenzi, Mmaori kutoka New Zealand, alilala kifudifudi, amekufa, chini ya jukwaa la mafundi pale Dubai Silicon Oasis. Alipanda asubuhi, akayumba, akaanguka. Inspekta Khelef, wa ukoo wa Kizanzibari uliolowea Dubai, alikuwa tayari kuandika ajali aende zake. Lakini la kuvunda halina ubani. Maabara ikakuta dawa ya usingizi kwenye damu, tena nyingi.

"Jana yake alasiri alikunywa kahawa ofisini kwangu," alisema Adib, karani, mtu wa Mombasa. "Nami nilikunywa. Usingizi ukanichukua papo hapo kitini. Nikadhani ni joto."

"Yeye alikunywa ngapi?"

"Finjani mbili, akaitikisa kuonyesha ametosheka, khalas. Mimi nne. Na kulipokucha nilikuwa mzima, bwana inspekta."

Aliyekunywa kidogo ndiye maiti! Khelef alimfokea Adib nusu saa nzima, na ilikuwa kazi bure.

Daktari Ghada wa maabara ndiye aliyemtoa gizani. "Dawa hii huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini. Wako watu waliorithi jeni ambalo kimeng'enya chake hakifanyi kazi, na kwa Wamaori ni wengi kuliko kwa Wazungu. Nimepima, Rawiri ni mmoja wao. Wewe ungelala ukaamka, yamekwisha. Yeye alipanda jukwaani dawa ingali mwilini."

Basi dawa ilinywewa jana yake. Na dele la kahawa lilibebwa na mtu mmoja tu, Mastula, Mganda mfanyakazi wa usafi.

"Ulitia nini kwenye dele?"

"Vidonge vyangu vya usingizi, afande." Hakubisha hata kidogo. "Nilitaka sir Adib alale. Ufunguo wa kabati la pasipoti anao yeye. Mama yangu yu mahututi Jinja, na kampuni imeninyima pasipoti. Sir Rawiri sikujua angeingia. Mgeni akikaa lazima nimmiminie, tena yeye kwanza. Ningemwambia nini?"

"Pasipoti uliipata?"

"Niliipata. Safari ilikuwa siku ileile aliyoanguka. Polisi mkafunga lango, hakuna kutoka."

Khelef aliona uchungu. Lakini Adib alikwisha kumweleza jambo moja, naye hakuona haki kumficha mwanamke huyu.

"Unajua Rawiri alifuata nini ofisini?"

"Hapana, afande."

"Alikwenda kukugombania pasipoti yako. Adib akakubali. Ungepewa asubuhi yake."



"Afande," akasema Mastula, "nani atamwambia mama kuwa siji?"