Boneti ya Corolla ya Buluu

Jumapili hiyo kiwanja cha soko la magari mjini Caguas kilijaa mafundi, wauza vipuri na moshi wa nyama ya nguruwe. Nereida Colón alikuwa amevaa gauni la njano na raba nyeupe, ungedhani amepotea njia ya harusini. Hakuwa amepotea. Alikuwa mfamasia wa miaka thelathini na mbili, na alitafuta boneti ya Corolla ya mwaka sabini na tisa aliyoachiwa na marehemu baba yake. Boneti ya zamani ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari hadi kidole kinapenya.

Alisimama mbele ya Eliseo Maldonado, fundi aliyetengeneza kwa mikono yake boneti za faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo. Vumbi jeupe lilikuwa limemganda hadi kwenye kope.

"Mimi nataka ya chuma," Nereida alisema.

"Unakaa wapi, mrembo?"

"Cataño."

"Cataño, ufukweni! Kule hata kijiko kinashika kutu ukiwa bado unakula. Chukua faiba. Hii, kutu itaisikia kwa majirani."

Nereida akaigonga kwa ukucha. "Inalia kama beseni la kufulia."

"Basi utafua ukiendesha."

Alicheka kabla hajajizuia. Akaacha namba ya simu; kwa ajili ya boneti tu, alisema.

Saa kumi na moja jioni simu ililia.

"Mwenye Corolla? Nilisahau kukuuliza rangi."

"Buluu. Nilikuambia mara mbili."

"Nilisikia zote mbili. Nimependa unavyoitamka."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi walikwenda pwani ya Piñones kula alcapurria za moto, maandazi ya ndizi mbichi yenye nyama ndani, wakipulizia vidole. Eliseo alikuja na shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Nereida alimwita "bwana vumbi". Naye Eliseo alimwita "daktari wangu", ingawa alijua fika kuwa si daktari. Miezi miwili ikapita hivyo.

Ugomvi ulikuja siku ya kufunga boneti, gerejini kwa Eliseo. Eliseo aliipachika kwenye bawaba, ikakaa vizuri, akachukua mashine ya kutobolea.

"Unafanya nini?"

"Natoboa mbele, niweke pini mbili. Faiba ni nyepesi, mpenzi. Komeo la zamani peke yake halitaizuia upepo ukiingia chini."

"Gari la baba halitobolewi."

"Baba yako hayupo, Nere. Gari ni lako."

Nereida alichukua funguo, akaondoka na gari likiwa na boneti isiyo na rangi wala pini. Eliseo alipiga simu mara tatu; mara zote tatu ikakatwa. Baadaye akatuma ujumbe wa sauti. Nereida aliuona, hakuufungua.

Asubuhi iliyofuata alikuwa akimpeleka mama yake, Bi Iluminada, kliniki. Kwenye barabara kuu, gari likiwa kasi, boneti ilifunguka ghafla na kupiga kioo cha mbele. Hawakuona kitu mbele ila weupe wa faiba. Nereida alikanyaga breki, akasogea pembeni kwa kukisia. Bi Iluminada aliteguka kifundo cha mkono. Hakuna aliyekufa.

Nereida alimpigia Eliseo akiwa bado pembeni ya barabara.

"Boneti yako nusura ituue, mimi na mama yangu! Mama ameumia mkono!"

"Mko wapi? Nakuja."

"Usije. Usinitafute tena."

Hakutafutwa. Wiki tatu zilipita. Alikwenda kazini na kurudi, akauza dawa za kikohozi, akawa mwepesi wa kukasirika. Mchana mmoja simu yake ilijaa, akaanza kufuta vitu. Akaufikia ule ujumbe. Kidole kilikwenda kwenye kufuta, kikabadili nia.

"Nere, nimekosa kumtaja baba yako hivyo. Lakini nisikilize, usiingie barabara kuu na boneti hiyo. Upepo utaifungua. Nitakuja kuifunga. Kama hutaki kuniona, kaa ndani. Nikimaliza nitaondoka."

Aliusikiliza tena. Kisha akaenda gereji akiwa bado na koti jeupe la kazini.

Eliseo alikuwa akipiga msasa. Alizima mashine.

"Mbona hukuniambia kuwa ulinionya?" Nereida aliuliza.

"Ingesaidia mkono wa mama? Nilipaswa kukunyima funguo siku ile. Hilo ndilo kosa langu."

"Niambie ukweli basi. Kwa gari langu, chuma au faiba?"

Eliseo alijipangusa vumbi. "Gari la mashindano, faiba. Lako, chuma. Ukipaka dawa ya kutu ndani, litakaa miaka."

"Kule Caguas ulijua?"

"Nilijua. Ningekuambia, ungeenda kununua kwa mwingine, na mimi nisingejua hata jina lako."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

Nereida aliondoka bila kuaga. Siku nne zikapita. Siku ya tano akapiga simu: "Boneti ya chuma inapatikana wapi?"

"Arecibo. Nikupeleke?"

"Unipeleke. Sijakusamehe."

Wiki iliyofuata waliifunga ile ya chuma uani kwa kina Nereida. Eliseo alishika upande mmoja, Nereida mwingine, na Bi Iluminada, mkono ukiwa bado umefungwa bandeji, aliamrisha akiwa kitini.

"Nere," Eliseo alisema, "nataka kukuoa."

"Unaniambia sasa? Nimebeba chuma!"

"Ukiwa mikono mitupu unaondokaga."

"Mjibu mwenzako," Bi Iluminada alisema. "Mtaiangusha."

Nereida alimtazama kwa juu ya boneti yenye rangi mpya ya buluu. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Nimekubali. Ila ukinidanganya tena, hata kwa mapenzi, naachia upande wangu."

"Umesikika, daktari."

"Kaza bolti, basi. Mikono inauma."