Gita la Mlango wa Gatumba

Umeme ulikatika mtaa wote wa Cibitoke mchana wa Jumapili. Redio za majirani zikanyamaza, mashine ya kusaga ya nyuma ya kanisa ikazimika, lakini ampli ya gita la Télesphore iliendelea kuunguruma. Taa yake nyekundu ilikuwa imezimika. Télesphore akainama, akauchomoa waya wake ukutani, akabaki ameushika mkononi. Ampli ikaunguruma vilevile.

Mtu mwenye akili zake angetoka nje. Télesphore alifurahi. Alikuwa mtu wa roki ya zamani, ile ya wazungu wenye nywele hadi mabegani, na kwake ampli isiyonyamaza ilikuwa neema. Alichonga magita ya umeme kwa kuangalia picha za majalada ya kaseti: lenye mapembe mawili, lenye umbo la mshale, lenye kiuno kilichobanwa. Majirani walimwita mgonjwa. Mchungaji alimwita jina baya zaidi. Yeye aliwajibu wote kwa kuongeza sauti.

Ila maumbo hayo yote yalikuwa ya watu wengine. Hili la sasa lilikuwa lake. Alilichonga kutoka kwenye mlango wa mvule ambao rafiki yake Cirimwami, mpiga besi, aliung'oa Gatumba katika nyumba iliyohamwa baada ya mafuriko. Lisette, mkewe, aliutaka mlango ule kwa ajili ya jikoni. Aliporudi kutoka sokoni akaukuta umekatwa, alisema maneno ambayo mtaa mzima uliyasikia. Télesphore hakujali. Alikuwa ameliacha tundu la ufunguo pale pale kwenye ubao, na chuma chake cha kutu, na ndani ya tundu hilo ameweka mahali pa kuchomeka waya wa gita. Alijiona fundi wa kwanza duniani kuwaza jambo hilo. Labda wengine waliliwaza, wakaliacha.

Akauchomeka waya wa gita kwenye tundu. Kabla hajagusa uzi hata mmoja, spika ikatoa sauti ya mtu anayegonga ubao, taratibu, kwa adabu.

"Karibu," Lisette akaitika kutoka jikoni, mikono yake ikiwa ndani ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo. "Ingia tu, mulango haiko ya kufunga."

Hakuna aliyeingia. Harufu tu ndiyo iliyoingia, ya matope ya mto yaliyokaa siku nyingi bila jua.

Asubuhi yake Lisette alichukua kikapu chake aende sokoni, akafika mlangoni akasimama. Mlango ulikuwa wazi, jua limemwagika hadi miguuni pake.

"Télé, nani amefunga?"

"Amefunga nini?"

"Huu mulango. Niko nasukuma, haifunguke."

Alikuwa anasukuma hewa. Télesphore alimshika mkono amvute nje, yeye akapita, mkewe akagota kwenye kitu kigumu kisichoonekana, na mkono wa mkewe ulikuwa baridi na unadondosha maji. Ndipo alipoitazama miguu yake. Ngozi ilikuwa nyeupe, imekunjamana, kama ya dobi aliyeshinda kwenye beseni.

Jioni mikunjo ilikuwa imefika magotini. Kesho yake ilifika kiunoni. Iliacha mstari ulionyooka mwilini, kama ule mafuriko yanaouacha ukutani, na juu ya mstari alikuwa Lisette mzima, mwenye joto, anayelia, na chini yake ngozi ya mtu aliyekaa majini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mstari ule ukifika mdomoni itakuwaje. Télesphore alizikata nyuzi za gita, akalitia kwenye makaa, na makaa yakazimika yakichuruzika maji.

Akamwita Cirimwami, akamkaba shati. "Ulitoa wapi huu mulango? Sema kweli."

"Usipige kelele, atasikia," Cirimwami alinong'ona. "Kulikuwa bwana mumoja, akienda kunywa anafungia bibi yake ndani. Maji ya Rusizi ikakuja, yeye hayuko. Bibi akakufia mule."

Télesphore akakumbuka mikwaruzo aliyoikuta upande wa ndani wa ubao. Alidhani ni ya mbwa. Aliilainisha kwa msasa huku akiimba.

Mchungaji alikuja akaomba kwa sauti kubwa, akatoka haraka kuliko alivyoingia. Ndipo wakamfuata Hamimu kule Buyenzi, fundi wa kufuli anayejua pia kuwasomea watu dua. Mzee huyu hakuwa na maneno matamu. Alilinusa gita, akatema mate pembeni.

"Yule mwanamke hana ugomvi na nyinyi," alisema. "Alipokuwa akililia wa kumfungulia, alimwita yeyote. Kuna aliyesikia kule mtoni, na hakuwa mtu. Alipofika akagonga, mwanamke ameshakufa, hakuna wa kumkaribisha. Jini wa namna hii haingii pasipo kukaribishwa. Alibaki na ule mlango. Wewe ukamtilia ufunguo, mkeo akamwambia karibu."

"Atatoka?"

"Atarudi kwenye ubao wake ukilipiga gita. Akishaingia, nitaliziba tundu. Lakini atakuita kwa sauti ya mkeo. Usimjibu, sikia? Hata neno moja."

Mstari ulikuwa umefika shingoni. Walimlaza Lisette kwenye mkeka. Télesphore akafunga nyuzi mpya, akachomeka waya, na Hamimu akaanza kusoma huku madini ya risasi yakiyeyuka kwenye kopo juu ya jiko. Télesphore alipiga, yeye aliyeota maisha yake yote kupiga mbele ya maelfu, akapiga mbele ya mke anayezama mahali pakavu, na ampli isiyo na umeme ikanguruma hadi vikombe vikatembea mezani, harufu ya matope ikajaa hadi wakapumua kwa midomo, madirisha yakatoka jasho, na katikati ya mngurumo ule kugonga kukaanza, si kwa adabu tena, bali kwa viganja na kucha, kisha sauti ikatoka kwenye spika, ya Lisette kabisa, ile ile ya kugombana.

"Télé, fungua. Huku kuko giza. Si nilikuambiaka huu mulango ni wa jikoni? We hausikiake mutu!"

Mkono wa Télesphore ukasita. Hamimu akamkazia macho. Télesphore akauma mdomo hadi damu ikatoka, akanyamaza. Mzee akauchomoa waya, akaimimina risasi ndani ya tundu, na sauti ikakatika katikati ya jina lake.

Lisette akafumbua macho. Ngozi ilikuwa kavu, laini, hadi vidole vya miguu.

"Asante sana, mume wangu," alisema polepole.

Télesphore alilia kwa furaha bila kuona haya. Cirimwami akalitia gita kwenye gunia, akapanda pikipiki kwenda kulitupa katika mto Rusizi. Hamimu akakusanya vyombo vyake akaondoka. Lisette akainuka, akafika kizingitini, akapita bila kizuizi, akakaa nje juani mchana kutwa na uso umetulia. Télesphore akamtengenezea chai ya tangawizi. Mke wake hakuwahi kumwita mume wangu, wala kumshukuru kwa lolote, lakini alijiambia ugonjwa humlainisha mtu.

Jua lilipopungua, akasikia kugongwa. Mlango ulikuwa wazi. Lisette alikuwa amesimama nje, vidole vya miguu vimekomea kwenye kizingiti, anagonga fremu taratibu, kwa adabu.

"Hodi," alisema.

Neno la kumwitikia lilishafika ulimini mwa Télesphore. Akalimeza. Akakumbuka ile sauti iliyomgombeza kwa ajili ya mlango wa jikoni, akajua ndiyo ilikuwa ya mkewe. Akatoa simu, akampigia Cirimwami.

"Lirudishe," alinong'ona. "Usilitupe, lirudishe."

"Nimeshatupa, Télé. Imezama." Cirimwami alishusha sauti. "Lakini pale kwenye daraja ilikuwa inalia mu gunia. Ilikuwa inakuita."

Pale mlangoni Lisette alitabasamu, akagonga tena, akangoja akaribishwe nyumbani kwake.