Mashine ya Kumi na Mbili

Haya yalimpata binamu yangu Radenko. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na laiti nisingekuwepo.

Ilikuwa Jumamosi ya kuhama ofisi. Kampuni yetu ya bima, hapa mjini Pirot, ilikuwa inatoka kwenye jengo bovu la kando ya mto kwenda ghorofa jipya karibu na stesheni. Mimi natunza majalada, Radenko ni fundi wa kompyuta. Asubuhi tulikalia maboksi tukala bureki, ile mikate ya matabaka yenye nyama, kwa mtindi, naye akanitania kwamba majalada yangu yangejaza treni nzima, wakati seva zake kumi na moja, zile kompyuta za kutunzia kumbukumbu za ofisi, zingeingia zote ndani ya mashine moja mpya.

"Nazitoa roho tu, dada Vida," alisema. "Miili tunauza chuma chakavu."

Akanieleza kwamba kila seva inanakiliwa, na nakala ikifika asilimia mia, ile ya zamani inazimwa isiwashwe tena, maana mbili haziwezi kuishi kwa jina moja. Nilifurahi kumwona anatania. Karibu wiki tano nyuma tulikuwa tumemzika kaka yake, Tihomir, aliyekuwa fundi mwenzake papo hapo ofisini.

Sasa niseme kosa langu. Tihomir na Radenko walizaliwa mwezi mmoja, Novemba, miaka tofauti. Kwetu, mmoja wa ndugu wa namna hiyo akifa, aliyebaki hufungwa mguu kwa pingu ya farasi, ile ya chuma yenye ufunguo, pamoja na mguu wa maiti. Kisha anamwomba mtu mara tatu, "Kuwa ndugu yangu kwa Mungu, nifungue." Akifunguliwa amepata ndugu mpya, na marehemu anakwenda peke yake. Asipofunguliwa, anafuata.

Shangazi Stamena, mama yao, alikuja mazikoni na pingu mkobani. Alinichagua mimi niwe mfunguaji.

"Mama, usinitie aibu mbele ya watu wa ofisini," Radenko alikataa.

Na mimi nikacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile nilijiona msomi. Shangazi akairudisha pingu mkobani.

Basi, saa sita mchana seva ya kumi na moja, ambayo Tihomir aliitunza miaka yake yote, ilimaliza kunakiliwa. Radenko akaizima. Kwenye kioo cha mashine mpya, chini ya orodha, ukatokea mstari wa kumi na mbili. Jina: RADENKO. Asilimia nane.

"Nani anachezea hapa?"

Akausitisha. Ukaendelea. Akachomoa waya wa mtandao. Asilimia kumi na tisa.

"Vida, nipe ile... ile ya kufungulia..."

Alikuwa anaonyesha bisibisi. Nilidhani amechoka.

Kwenye thelathini hakukumbuka mtaa anaokaa. Kwenye arobaini alinigeukia, akauliza kwa upole, "Tihomir kaenda kununua kahawa?"

Nilichomoa waya wa umeme. Kioo hakikuzimika. Nikampigia shangazi, na bila hata kumwamkia nikamweleza yote.

"Mshike asilale," alisema. "Nakuja."

Alikuja na teksi, pingu mkononi. Maiti hatukuwa nayo. Akafunga upande mmoja kwenye kifundo cha mguu wa mwanawe, upande wa pili kwenye kishikio cha ile seva ya Tihomir.

"Mwombe Vida," alinong'ona. "Haraka, mwanangu."

"Kuwa ndugu yangu kwa Mungu, nifungue."

"Nimekubali," nikasema. Sabini na mbili.

"Kuwa ndugu yangu... kwa Mungu... nifungue."

"Nimekubali!" Themanini na tisa.

Akanitazama usoni.

"Samahani," alisema. "Tunafahamiana?"

Sikungoja ombi la tatu. Nilimpokonya shangazi ufunguo, nikafungua pingu. Namba ikasimama kwenye tisini na tisa. Kioo kikazimika. Nilipiga magoti nikalia kwa shukrani, nikijua nimemwokoa.

Jumamosi iliyofuata tulifanya arobaini ya Tihomir. Radenko tulikwenda naye makaburini. Alikuwa mzima wa mwili. Alitembea, alitabasamu, na akiletewa chakula alifungua mdomo. Hakumjua hata mama yake. Shangazi alikuwa anamlisha kwa kijiko ngano ya marehemu, ile tamu ya kuchemshwa inayoliwa makaburini, simu ilipolia mkobani mwake. Ujumbe ulitoka kwenye anwani ya barua pepe ya ofisini. Baadaye niliitafuta anwani hiyo kila mahali. Haipo, na haijawahi kuwepo.

"Mama, nimefika kwa Tihomir. Huyo unayemlisha ni nani?"

Shangazi aliusoma mara mbili. Kisha akamfuta Radenko mdomo, akachota ngano nyingine, akaendelea kumlisha.